Umepima glutameti ya jirani

Swali: "Habari Daktari. Mimi niko masta hapa Nairobi na projekti yangu ni selimundu. Nimechukua umbo la himoglobini, faili ya 2HHB, nikaenda cheni B residyu ya 7, juu pepa zote za jenetiki zinaandika Glu7Val, yaani glutameti ya 7 imegeuka valini, na kweli hapo nimekuta glutameti. Nikipima kaboni alfa kwa kaboni alfa na kikomo cha angstromu 5 napata tu majirani zake wa mfuatano. Nikiweka 10 karibu kila kitu kinagusa kila kitu. Supavaiza ameniambia nichague kikomo kimoja nijitetee nacho. Ni gani sahihi? Na mbona residyu isiyogusa kitu inaleta ugonjwa mkali hivyo? Halafu laptopu yangu ni RAM 4, itaweza?"

Sawa dada, nimesoma mara mbili na nitajibu yote, lakini sio kwa mpangilio wako, juu kuna kitu umesema hapo katikati kama unapita tu na ndicho kimenishtua. Hiyo residyu uliyopima, yaani hiyo amino asidi moja kwa mnyororo wa protini, siyo. Umepima jirani yake.

Fungua hiyo faili sai uangalie mwanzo wa cheni B. Inaanza hivi: valini, histidini, lusini, threonini, prolini, glutameti, glutameti, lisini. Hesabu na vidole. Glutameti ziko mbili, zimekaa bega kwa bega, ya 6 na ya 7, na ile inayogeuka kuwa valini kwa mgonjwa wa selimundu ni ya 6. Sasa mbona pepa zinasema 7? Juu watu wa jenetiki wanahesabu vile jeni inasoma, na jeni inaanza na methionini, lakini seli ikitengeneza hiyo cheni inakata methionini ya kwanza inaitupa, kwa hivyo protini yenyewe, ile iko kwa damu, inaanza na valini. Vernon Ingram alipoonyesha kule Cambridge, 1956 na 1957, kwamba himoglobini ya selimundu inatofautiana na ya kawaida kwa amino asidi moja tu, alikuwa ameshika protini mkononi, hakuna mtu alikuwa anasoma jeni wakati huo, so namba ikawa 6 na watu wa maumbo wakabaki nayo. Hakuna mwenye amekosea. Ni kama saa moja ya Kiswahili na saa saba ya Kizungu, wote wanaongea asubuhi ile ile, ila ukichanganya hesabu utafika stage gari imeshaenda.

Ubaya wa hii kesi yako ni kwamba kosa halipigi kelele. Kama ya 7 ingekuwa alanini ungeona mara moja kuna shida, lakini umefika ukakuta glutameti imekaa hapo imetulia, ukasema poa, ukaendelea. Nimeona thesis nzima nusura iende hivyo. Kwa hivyo kabla ya kupima umbali wowote fanya skripti ikuandikie jina la residyu na majirani wawili kila upande, usome na macho: threonini, prolini, GLUTAMETI, glutameti, lisini. Hiyo ndiyo ya 6. Na ujue faili za mmCIF, ule muundo wa kuhifadhi maumbo ya protini, zinabeba hesabu mbili ndani ya faili moja, ile ya wenye walitatua umbo na ile ya benki ya data yenyewe. Biopython, ile maktaba ya Python ya kusoma hizi faili, usipoiambia kitu inachukua ya waandishi, programu zingine zinachukua ile ingine, na ukichanganya meza mbili kutoka programu mbili utalia.

Haya, kikomo, yaani umbali wa juu kabisa ambao bado unasema residyu mbili zinagusana (angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita).

Shida yako sio 5 au 10, shida ni unapima kutoka wapi. Kaboni alfa iko kwa uti wa mgongo wa protini, na kazi ya kugusana kwa sehemu kubwa inafanywa na ile minyororo ya pembeni, yaani mikono. Kupima alfa kwa alfa ni kama kusimama pale Kencom saa kumi na moja jioni unataka kujua nani anasalimiana na nani, halafu unapima umbali kati ya vitovu vyao. Wawili wanapeana mkono vizuri kabisa na vitovu viko mbali, na wengine wawili kwa laini ya matatu wamekaribiana kabisa lakini wamepeana mgongo, hata hawajuani. Lisini na arginini ni watu wa mikono mirefu, mkono wa lisini ulionyooka unafika angstromu 6 na kitu kutoka kwa alfa yake. Lisini na glutameti wanaweza kushikana kwa daraja la chumvi la ukweli, chaji chanya kwa chaji hasi, huku alfa zao ziko zaidi ya 10. Kikomo chako cha 5 hakiwezi kuwaona hao. Hata kile cha 10 kinaweza kuwakosa, na bado kinabeba umati wote uliosimama karibu.

Na hiyo 5 yenyewe ilikuwa lazima ikupe majirani. Alfa mbili zinazofuatana kwa cheni ziko angstromu 3.8, hiyo ni karibu sheria. Ukiwa kwa heliksi, pale cheni imejizungusha kama springi, mwenye yuko hatua tatu mbele anakuja kama 5 hivi na wa hatua nne kama 6. Kwa hivyo ulichopata sio ugunduzi, ni mnyororo kuwa mnyororo. Ndiyo maana watu wengi wanatupa jozi zilizo karibu kwa mfuatano kabla ya kuhesabu chochote. Kwa yale mashindano ya CASP ya kubashiri maumbo ya protini, mguso unahesabika kama kaboni beta mbili, yaani kaboni ya kwanza ya kila mkono, ziko chini ya angstromu 8 (glisini haina beta, so wanachukua alfa yake), na mguso wa mbali wanaouheshimu ni wa residyu zilizoachana hatua 24 au zaidi. Hiyo 8 utaiona kila mahali, na ni nzuri kwa kazi yake, yaani kuchora ramani ya miguso ambapo heliksi inaonekana kama mstari mnene kando ya mshazari, na nyuzi za beta, vile vipande vya cheni vilivyonyooka, zinazokwenda kinyume zinakata mshazari kama msalaba. Lakini haikuambii kama wawili wanagusana kweli. Inakuambia wako mtaa mmoja.

Swali lako ni la kugusana kweli, kwa hivyo pima atomu kwa atomu. Kwa kila jozi ya residyu tafuta atomu mbili zilizokaribiana kuliko zote, ukiacha haidrojeni, na kama ziko ndani ya angstromu 4.5 andika mguso. Mbona 4.5? Kaboni ina nusu kipenyo cha 1.7 hivi, mbili zikigusana ni 3.4, kwa protini yenyewe zinakaa mbali kidogo zaidi juu haidrojeni ziko hapo katikati hata kama huzioni (kwa kristali nyingi za eksirei hazionekani, ni ndogo sana), halafu unaacha nafasi kidogo kwa sababu mahali pa atomu kwa faili sio pa uhakika wa asilimia mia. Ukienda mpaka 6 na kitu molekuli ya maji inaweza kupita hapo katikati, sasa huo ni mguso gani tena.

Lakini usimwambie supavaiza 4.5 ndiyo sahihi kama aya ya kitabu kitakatifu. Fanya hivi, endesha na 4.0, na 4.5, na 5.0, uone kama hadithi yako inabadilika. Kama mguso wako mkuu uko kwa zote tatu hakuna mtu atakusumbua. Kama unaonekana kwa 5.0 peke yake, huo ni mguso wa kuombea. Na ukishapata listi, ipange kwa aina, juu kila aina ina kipimo chake: bondi ya haidrojeni ni mtoaji na mpokeaji ndani ya 3.5 hivi na pembe pia iangaliwe, daraja la chumvi ni nitrojeni yenye chaji chanya na oksijeni yenye chaji hasi ndani ya 4.0, sulfa mbili za sisteini zilizofungana ziko kama 2.05. Kaboni kwa kaboni ndiyo unaacha 4.5.

Sasa hilo swali la pili, la residyu isiyogusa kitu, ndilo mimi ningeweka kama kichwa cha projekti.

Hata ukihamia ya 6, ile sahihi, kwa 2HHB hutapata mengi. Iko juu ya ngozi ya protini, karibu na mwanzo wa heliksi ya kwanza, mkono wake umetoka nje kwa maji. Glutameti ina chaji hasi, inapenda maji, hapo imestarehe. Wengi wakiona mabadiliko ya ugonjwa wanaenda kutafuta mguso gani umepotea, daraja gani limevunjika. Hapa hakuna kilichopotea cha maana. Kilichotokea ni mguso mpya umezaliwa, na hauko ndani ya hiyo molekuli.

Chukua mfano wa mtaa wa Pipeline hapa Nairobi. Unahesabu majirani wa mtu kwa kugonga milango ya ploti yake peke yake, unapata wawili, unaandika huyu ni mpweke. Na kumbe dirisha lake limetazamana na dirisha la ghorofa ya ploti ya pili, wanapitishiana chumvi bila kushuka ngazi. Faili yako ya 2HHB ni ploti moja, tetrameri moja ya himoglobini ya kawaida, yaani cheni nne zilizoshikana, alfa mbili na beta mbili. Dirisha la ploti ya pili haliko kwa faili, utalionaje?

Lete faili ya 2HBS. Hiyo ni himoglobini ya selimundu yenyewe, bila oksijeni, kristali ya mwaka 1997 kwa ubora wa angstromu 2.05, na ina tetrameri mbili, yaani cheni nane. Beta ziko nne. Chukua valini 6 ya kila beta, moja moja, uulize ni atomu gani za cheni zingine ziko ndani ya 4.5. Kwa zingine hutapata kitu, usiogope, juu kwa kila tetrameri ni valini moja kati ya mbili inayoingia kwa huu mguso. Lakini kwa ile inayoingia utaona kitu kizuri sana: mkono mfupi wa valini umechomekwa kwa kashimo ka beta ya tetrameri ya pili, na kuta za hako kashimo ni fenilalanini 85 na lusini 88, vitu vya mafuta mafuta visivyopenda maji. Valini pia haipendi maji. Glutameti yenye chaji haingekubali kuingia hapo hata ukiisukuma. Zungusha kwa PyMOL au ChimeraX, zile programu za kuchora maumbo, weka atomu kama mipira yenye ukubwa wake kamili sio vijiti, utaona vile inakaa kama mbegu kwa ganda. Halafu tetrameri inashika nyingine, hiyo inashika nyingine, mpaka kunakuwa na kamba ya nyuzi 14 ndani ya seli nyekundu na seli inajikunja kama mundu.

Umesikia nimesema bila oksijeni. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni umbo lake linabadilika na valini haipati kukaa hapo vizuri, ndiyo maana seli inaharibika zaidi pale oksijeni imepungua. Kwa hivyo ukipima miguso kwenye faili ya himoglobini yenye oksijeni, kama 1HHO, halafu uandike kuhusu kamba za selimundu, umepima mtu akiwa usingizini ukaandika anavyotembea. Na ukiwa kwa 2HBS washa pia kopi za kristali za pembeni, yaani molekuli zile zile zinazojirudia kwenye kristali, zilizo ndani ya angstromu 5, juu molekuli hazijaisha pale faili inapoishia. Hapo lakini kuwa mwangalifu upande wa pili: sio kila mguso wa kristali ni wa mwilini, mingine ni ya kubanana tu kama abiria wa Githurai saa ya rashi. Huu wa valini 6 tunauamini kwa sababu kuna ushahidi mwingine nje ya kristali.

Ushahidi gani? Angalia listi yako tena, mguso huo huo una threonini 4 upande mmoja na aspateti 73 upande wa pili. Kuna himoglobini inaitwa Korle Bu, jina la hospitali ya Accra kule Ghana, ambapo aspateti 73 imekuwa asparajini. Ukiichanganya na ya selimundu, kamba zinatengenezeka kwa shida zaidi. Umeona, umegusa ukuta wa pili wa dirisha na mambo yakabadilika. Kingine ni himoglobini ya mtoto mchanga. Kwa beta, katikati ya fenilalanini 85 na lusini 88, kuna threonini 87. Kwa cheni ya gama ya mtoto hapo pamekaa glutamini, na hiyo ni sababu moja ya himoglobini ya mtoto kukataa kuingia kwa kamba, na ndiyo mtoto wa selimundu anakaa miezi ya kwanza bila kuonyesha. Hidroksiurea wanayopewa wagonjwa inafanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kupandisha hiyo himoglobini ya utotoni. Halafu kuna tiba ya jeni ya Lyfgenia, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023, inayompa mgonjwa beta yenye glutamini badala ya threonini kwa nafasi ya 87. Mtu aliangalia miguso, akachagua residyu moja, akaweka kizuizi dirishani. (Na hiyo 87 ni ya hesabu ya zamani, usiniletee 88.)

Kwa utangulizi wa thesis usimsahau Anthony Allison, yule wa 1954 aliyeonyesha kwamba mwenye jeni moja ya selimundu anakingwa dhidi ya malaria. Alikulia hapa Kenya, na aliona hiyo jeni iko nyingi pwani na kando ya ziwa, huku nyanda za juu iko kidogo. Pepa za masta zimejaa takwimu za nje na huyu wa hapa nyumbani haandikwi.

Sasa mitego midogo midogo nikupitishe haraka. Residyu zingine kwa faili zimeandikwa mara mbili, A na B, juu mkono ulionekana kwa mikao miwili. Mimi hii ilinipata. Nilikuwa nimeandika skripti yangu mwenyewe ya kusoma mistari ya faili, nikajisifu haihitaji programu ya mtu, nikasimama mbele ya semina na grafu yenye madaraja ya chumvi mengi ajabu, na mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza pole pole, "Kwani hii lisini ina mikono mingapi?" Nilikuwa nimehesabu A na B zote. Biopython inakuchagulia yenye uzito mkubwa, so itumie tu. Asparajini, glutamini na histidini nazo zinaweza kuwa zimegeuzwa, juu kwa ramani ya eksirei nitrojeni na oksijeni (kwa histidini ni nitrojeni na kaboni) zinafanana, hivyo kabla ya kuapa na bondi ya haidrojeni pitisha faili kwa MolProbity, programu ya kukagua maumbo. Toa maji kwa hesabu, lakini himu, kile kipande chenye chuma, usiitupe bila kufikiria, histidini 92 ya beta imeshika chuma yake na ukiitupa utaandika histidini iko huru. Na usibishane kati ya 3.4 na 3.6, kwa kristali ya ubora wa 2.05 hiyo tofauti haina uzito. Mambo ya kuandika mabadiliko kwa AlphaFold, ile programu ya kubashiri maumbo, ukitarajia ikuchoree kamba, wacha kwanza, itakupa tetrameri nzuri inayofanana na ya kawaida na utabaki pale pale ulipoanzia.

Laptopu inatosha na inabaki. 2HBS ina residyu 1,148 za protini, jozi zote ni 658,378. Atomu zisizo haidrojeni ni zaidi ya 8,000, na ukilinganisha kila moja na kila nyingine ni zaidi ya jozi milioni 30, hapo Python itakufanya uchemshe chai unywe umalize. Tumia NeighborSearch ya Biopython, yenyewe inapanga atomu kwa mitaa kwanza ndiyo isitafute kila mahali, ni sekunde chache tu. Funga tabo za kivinjari, hizo ndizo zinakula hiyo RAM yako.

Kwa supavaiza andika sentensi kama hii: mguso ni jozi ya residyu zenye atomu mbili zozote zisizo haidrojeni ndani ya angstromu 4.5, jozi zilizo chini ya hatua nne kwenye cheni moja zimeondolewa, matokeo yamejaribiwa pia kwa 4.0 na 5.0, namba za residyu ni za protini iliyokomaa, faili ni 2HBS pamoja na kopi za kristali, na 2HHB ya kulinganisha. Endesha leo usiku. Ukiona fenilalanini 85 ya cheni ingine mbele ya valini 6, umefika. Usipoiona, kabla hujaniandikia tena, angalia kama hukusahau kuwasha hizo kopi.